Kamyo ya zamani: tuangalie tuyo za freni kabla ya mavuno

Ndugu wakulima, siku moja nilipanda kamyo ya zamani ya jeshi yenye kubeba mupunga wetu kutoka Bengamisa kuja Kisangani. Kwenye mteremko shofere akakanyaga freni, mguu ukaenda mpaka chini. Tulipona kwa vitesi ndogo na freni ya mkono. Tuyo moja ya nyuma ilikuwa imetoboka.

Magari mengi ya zamani yako na mfumo mmoja tu wa freni: tuyo moja ikitoboka, magurudumu yote yanakosa freni. Mafuta ya freni yanavuta maji ya hewani, basi chuma kinaoza toka ndani, hata nje kikionekana kizima.

Musikubali fundi abane tuyo kwa koleo, wala atie mafuta ya moteri; yanavimbisha mipira. Aweke tuyo mpya na mafuta mapya ya freni, kisha atoe hewa yote.

Kabla ya kupakia, shofere akanyage pedali kwa nguvu dakika moja. Ikishuka polepole, musipakie. Na koperative itenge feza ya kazi hii mapema: wakati wa mavuno hakuna atakayekubali kamyo isimame.