Kijipande cha chuma jichoni: usikidharau

Fundi anagonga tindo kwa nyundo katika nyumba ya Mji Mkongwe. Kijipande kinaruka, kinampiga jichoni. Maumivu yakipungua, anajifuta na kuendelea na kazi. Hapo ndipo penye hatari. Chuma kidogo chenye kasi hutoboa jicho na kubaki ndani, na tundu lisionekane kwa nje. Kikikaa huko, kutu yake huliua jicho polepole.

Kwa nini upigwe picha?

Daktari hupima kwanza uoni na mboni. Kisha hutaka kujua kitu kiko wapi, na kama mshipa wa fahamu wa jicho umeguswa. Kipimo kinachotangulia ni siti skani, ambayo huonyesha chuma na mfupa uliovunjika. Eksirei huonyesha chuma, lakini hukosa vingi. Kibanzi cha mti mkavu huweza kudhaniwa ni hewa, kwa hiyo mwambie daktari kilichokuchoma. MRI haifai panaposhukiwa chuma, kwani sumaku yake huweza kukisogeza na kukupofua.

Ufanye nini?

Usisugue, usikande, usitie dawa yoyote, wala usichomoe kilichochomeka. Funika jicho kwa kikombe safi kisicholigusa. Usile wala usinywe, huenda ukapasuliwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa Unguja, Mnazi Mmoja wana kitengo cha macho.

Nawe fundi, vaa miwani ya kazi. Ukivaa, huenda picha hizo usizihitaji kabisa.