Nyota za chini ya ardhi

Msomaji wa pwani akifunguliwa ramani ya New Zealand hatapata taabu kuyasoma majina yake. Waitomo, Otorohanga, Tauranga, Maunganui: kila neno huishia kwa irabu kama maneno yetu, na ile ng ya Wamaori, wenyeji wa asili wa visiwa hivyo, ni ile ile ya ng'ombe na ng'ambo. Wai ni maji na tomo ni shimo, basi Waitomo ni mahali maji yaingiapo shimoni. Wazee wa Wamaori walifika huko kwa kuvuka bahari kuu, na wataalamu wa vyombo husema kwamba matengo ya ngalawa zetu asili yake ni kwa mabaharia wa ukoo huo huo wa watu, ambao tawi lao jingine lilielekea magharibi hadi Bukini. Kwa hiyo mtu wa Mombasa anapofika huko, ingawa yuko upande wa pili wa dunia, si mgeni moja kwa moja.

Nilifika mwezi wa Februari 2024, ambao kwao ni wakati wa joto, nikiwa mgeni wa mpwa wangu aishiye Auckland pamoja na mkewe na watoto wawili. Nilikuwa nimemwomba jambo moja tu, anipeleke kwenye mapango yenye wadudu wanaotoa mwanga. Naye akasema, "Mjomba, nitakupeleka, lakini baada ya hapo tutashuka pwani ukaone bahari ya watu." Tukafunga safari ya siku mbili kwa gari.

Kutoka Auckland hadi Waitomo ni kiasi cha kilomita 200. Magari hupita kushoto kama kwetu, barabara ni ya lami nzuri, na kitu utakachokiona zaidi ya vyote ni ng'ombe wa maziwa katika vilima vya kijani kisichokwisha. Mji mkubwa wa njiani ni Hamilton, ambao una msikiti, na hapo tuliteremka tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kuzikusanya kama ilivyo ruhusa kwa msafiri. Mtu aliyezaliwa Mombasa amezoea kuelekea kaskazini. Huko kibla kiko magharibi, na kwa siku zote nilizokaa mwili wangu haukuacha kutaka kujigeuza.

Ukipita Hamilton nchi huanza kupinda. Ardhi ya sehemu zile ni ya mawe ya chokaa yaliyofanyika chini ya bahari yapata miaka milioni 30 iliyopita, kisha yakainuliwa, yakapasuka, na maji ya mvua yakapenya katika nyufa na kuyala polepole mpaka yakachimba vyumba. Mfanya kazi alikuwa tone la maji, na haraka hakuwa nayo.

Tuliingia pangoni tukiwa kundi la watu wapatao ishirini, mbele yetu kijana wa Kimaori aliyevaa koti la mvua. Kupiga picha ni marufuku, kugusa mawe ni marufuku. Mawe yenyewe huning'inia kutoka juu kama nta ya mshumaa na mengine huinuka kutoka chini kuyapokea. Kuna ukumbi mmoja mkubwa wenye dari ya juu sana, ambamo sauti haina mwangwi wa kukera bali huenea sawasawa. Mwimbaji maarufu wa nchi hiyo, Kiri Te Kanawa, ambaye mwenyewe ana damu ya Kimaori, amepata kuimba humo. Kijana akatuomba mmoja wetu ajaribu sauti. Mzee wa Kikorea akaimba ubeti mmoja wa kwao, na watu wazima tukanyamaza kama watoto wa madrasa.

Kisha tukashuka ngazi hadi mahali mto upitapo chini kwa chini, taa zikazimwa, tukapakiwa kwenye mashua. Haina injini wala kasia. Kijana alisimama akaivuta kwa kushika kamba zilizofungwa juu, na hakuna aliyesema neno.

Subhanallah. Dari yote ilikuwa nyota. Si taa kumi wala mia, ni maelfu, za rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani, zimetulia tuli, hazimetimeti kama vimetameta vyetu vya mashambani wakati wa mvua. Maji yalikuwa meusi na hayakutikisika, kwa hiyo nyota zilikuwa juu na chini, na mashua ikawa inaelea katikati pasipo na ardhi wala mbingu. Wamaori humwita mdudu huyo titiwai, na jina hilo linabeba habari ya mwanga juu ya maji. Nilimsikia mke wa mpwa wangu akivuta uradi kwa pumzi tu.

Nje, juani, ndipo kijana yule alipotueleza ni nini hasa tulichokitazama. Kile si nzi arukaye. Ni buu, mtoto wa mdudu mfano wa mbu, ambaye wataalamu humwita Arachnocampa luminosa na ambaye hapatikani popote duniani ila New Zealand. Buu hujishonea kitanda cha hariri darini, kisha huteremsha nyuzi nyembamba, pengine hata 70, kila uzi umejaa matone ya ute unaonata kama shanga. Mwanga wake hutoka mkiani. Wadudu wadogo waliochukuliwa na mto hadi gizani huuona, hudhani ni uwazi wa nje, huruka kuufuata na hunaswa, na buu huuvuta uzi juu kama mvuvi avutavyo mshipi. Kadiri njaa inavyomzidi ndivyo anavyowaka zaidi. Huishi hivyo kwa miezi kadhaa, hata tisa, halafu hugeuka kuwa mdudu kamili asiye na kinywa cha kulia, akaishi siku chache tu, akazaa, akafa. Basi ile mbingu iliyotutoa machozi ilikuwa ni mitego iliyotandazwa, na uzuri wake wote ulikuwa ni njaa. Sikupenda kulisikia jambo hilo mara ya kwanza. Baadaye nikaona kuwa limenizidishia kustaajabu.

Lakini kilichonikaa moyoni zaidi ni historia ya umiliki wa pango lenyewe. Mwaka 1887 chifu wa mahali hapo, Tane Tinorau, pamoja na mpima ardhi wa Kiingereza aitwaye Fred Mace, walitengeneza chelezo kwa mashina ya mmea mmoja mrefu ambao nyuzi zake hufanya kazi kama za mkonge, wakawasha mishumaa, wakaufuata mto ndani. Tinorau alirudi tena, na ndiye aliyegundua mlango wa juu ambao wageni huingilia hata leo. Kufika mwaka 1889 alikuwa akiwapitisha watu kwa malipo kidogo, yeye na mkewe Huti. Watalii walipozidi, serikali ikalitwaa pango mwaka 1906, na kwa zaidi ya miaka 80 mapato yakaenda kwingine, ingawa mapokeo ya ukoo yalijua vyema pango ni la nani. Mwaka 1989 likarudishwa kwa wazao wa wenyewe wa asili, nao hupata fungu katika mapato. Baadhi ya wanaoongoza wageni leo ni wajukuu na vilembwe wa chifu huyo.

Tena hawakurudishiwa wakaachiwa waharibu wapendavyo. Pumzi zetu wageni zina hewa ya kaboni dayoksaidi, ambayo ikichanganyika na unyevu huwa tindikali na huyala mawe; na upepo mkavu ukiingia kwa wingi mabuu hufa. Kwa hiyo hewa, joto na unyevunyevu wa mle ndani hupimwa usiku na mchana. Nilikumbuka mapango yetu ya Shimoni kule Kwale, walimofungiwa watumwa, ambayo nayo huendeshwa na wanakijiji wenyewe. Watu wa Shimoni na watu wa Waitomo wangekutana, wangekuwa na mengi ya kuulizana.

Siku ya pili tulielekea mashariki, tukapanda milima ya Kaimai na kuteremka hadi Tauranga, mji wa bandari. Ng'ambo ya maji kuna kitongoji chake cha Mount Maunganui, ambacho hapo zamani kilikuwa mji kivyake, kisha daraja likafunguliwa mwaka 1988 na mwaka uliofuata kikaunganishwa na Tauranga. Ni ulimi mwembamba wa mchanga. Upande mmoja kuna magati yenye magogo yaliyopangwa kama nyumba, upande wa pili kuna ufuo mweupe ulio wazi mbele ya bahari kuu, na mwishoni umesimama mlima mmoja peke yake, wenye urefu wa mita 232.

Wenyeji huuita Mauao, na kisa chake ni hiki. Mlima huu hapo kale ulikuwa bara, tena hauna jina. Ukampenda Puwhenua, naye moyo wake ulikuwa kwa mlima mwingine, Otanewainuku. Kwa uchungu ukawaomba patupaiarehe, viumbe wa msituni wafanyao kazi usiku tu, wauburure hadi baharini ukazame. Wakauvuta kwa kamba, wakichimba bonde njia nzima, mpaka walipofika ukingoni jua likachomoza. Wakakimbilia gizani, mlima ukabaki. Mauao maana yake ni aliyenaswa na alfajiri.

Mlima huo nao ulitoka mikononi mwa wenyewe baada ya vita vya mwaka 1864, ukarudishwa kwa makabila matatu ya hapo mwaka 2008. Wamiliki ni wao, lakini njia za mlimani ni za kila mtu, na siku ile tulizunguka chini yake sisi na watoto bila kuulizwa tunatoka wapi.

Ufuoni ni vivyo hivyo. Sitaficha kwamba mavazi ya waogaji hayakuwa ya kutazamwa, nasi tuliinamisha macho kama tufanyavyo Nyali siku za sikukuu. Ila nilitembea mbali kando ya mawimbi, na upande wa nchi kavu sikuona ukuta uliozuia watu. Baina ya nyumba na nyumba kuna vijia vya kushukia mchangani, na hutakuta askari wala mbwa.

Pengine ndiyo sababu ya lililotokea mwaka 2011. Tarehe 5 Oktoba meli ya makontena, Rena, ilipanda mwamba nje ya bandari hiyo, na mamia ya tani za mafuta yakamwagika na kufika ufuoni. Nahodha na afisa wake walifungwa miezi 7. Lakini kabla ya kesi, maelfu ya watu wa kawaida walishuka na majembe na mifuko, wakaukwangua mchanga ule kwa mikono siku baada ya siku.

Jioni, watoto wakiwa wamechoka, binti mdogo wa mpwa wangu aliniuliza, "Babu, kwenu bahari iko mbali?"

Nikamwambia haiko mbali, usiku tunaisikia kitandani.

"Basi mnaenda kwa miguu?"

Nikamweleza kwamba tulipokuwa wadogo tulikwenda kwa miguu, tena peku, kwa njia iliyopita nyuma ya msikiti. Sasa njia hiyo ina lango na kufuli, kwa hiyo huzunguka kwa matatu hadi ufuo wa umma.

"Nani alifunga?"

Baba yake akanitazama katika kioo cha gari, akangoja nijibu. Nilimwambia ni habari ndefu. "Auckland ni zaidi ya saa mbili, Mjomba," akasema mpwa wangu, akawasha gari. "Muda upo." Basi nikaanza.