Baiskeli ya Wote, Lakini Ina Daftari



Mtu wa Riruta akitaka kufika mjini kati, mara nyingi ni matatu au miguu. Mvua ikinyesha nauli inapanda. Mfuko ukiwa mtupu, ni kutembea karibu kilomita 10. Baiskeli ingesaidia, lakini wengi hawana pesa za kuinunua, na aliye nayo anaogopa kuiacha mjini iibiwe. Miji mingine imejaribu baiskeli za pamoja. Je, zinafanyaje kazi?

Baiskeli huwekwa kwenye vituo vingi mjini. Unachukua moja hapa, unaendesha hadi kituo kilicho karibu na unakokwenda, unairudisha, kisha unafanya shughuli zako. Ukimaliza, unachukua nyingine. Hata mgeni anaweza kuuzunguka mji hivyo, mtaa kwa mtaa, bila wasiwasi wa mwizi. Paris, mfumo ulipoanza mwaka 2007, aliyelipa ada ya kujiandikisha hakutozwa kitu kwa nusu saa ya kwanza ya kila safari. Hivyo baiskeli zilirudi upesi, na wengine wakapata.

Mwanzo haukuwa mzuri. Mwaka 1965 vijana wa Amsterdam walipaka baiskeli chache rangi nyeupe, wakaziacha barabarani bila kufuli ili kila mtu atumie. Nyingine ziliibiwa, nyingine zikachukuliwa na polisi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Copenhagen ilirekebisha hilo mwaka 1995: unatumbukiza sarafu, baiskeli inafunguka, ukiirudisha, unapata sarafu yako. Kigali, jirani zetu, walizindua zao Septemba 2021. Huko baiskeli zilifunguliwa kwa simu, kwa hiyo aliyeichukua alijulikana.

Kikundi chenu kinaweza kuanza hata na baiskeli mbili, za kwenda sokoni au zahanati. Yafuatayo ni ya lazima:

1. Daftari: nani amechukua, saa ngapi, amerudisha lini.
2. Amana kidogo, inayorudishwa baiskeli ikirudi salama.
3. Ada ndogo ya kila safari, iwekwe na mwekahazina kwa ajili ya tairi, tyubu na breki.
4. Fundi mmoja anayejulikana, wa kuzikagua kila wiki.

Tena, baiskeli inahitaji njia salama. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya kutenga asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa wanaotembea, waendesha baiskeli na usafiri wa umma. Ahadi isiyoulizwa husahaulika. Kaunti ikiita mikutano ya bajeti, nendeni mkaulize.

Maswali ya kujadiliana:

- Katika kikundi chetu, ni nani anayetembea mbali zaidi kila siku?
- Baiskeli ikiharibika mikononi mwa mwanachama, nani atalipa? Tukubaliane kabla ya kuinunua.