Kukisia Ukali wa Kimbunga Kabla Hakijafika

Kila mara Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza kimbunga baharini, wanachama huuliza: kitatufikia kikiwa na nguvu kiasi gani? Swali hili ni gumu kuliko lile la kitapita wapi, na inafaa makatibu waelewe sababu yake.

Wako wasemao kwamba Unguja haipigwi na vimbunga. Ni kweli kuwa ni nadra, kwani tuko nyuzi 6 tu kusini ya Ikweta, ambako mzunguko wa dunia hausaidii sana kuupinda upepo. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliviharibu vyombo vya Sultani Barghash vilivyotia nanga mbele ya Mji Mkongwe, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Pemba, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 50, ilisalimika, ikawa ndiyo inayoongoza kwa karafuu tangu hapo.

Kimbunga hulishwa na bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 za Sentigredi na zaidi. Pepo za juu zikivuma tofauti na za chini, umbo lake hupasuliwa. Hewa kavu ikipenya ndani, hufifia. Njia yake huongozwa na mikondo mipana ya hewa, nayo hupimika mapema. Nguvu zake hutegemea yanayotokea ndani ya kiini chake kidogo, na hayo huweza kugeuka kwa usiku mmoja.

Ndivyo Kenneth, Aprili 2019, kilivyopata nguvu kwa haraka kabla ya kutua kaskazini ya Msumbiji, na Jobo, Aprili 2021, kikaishiwa nguvu kabla ya kufika pwani yetu. Waliosema baada ya Jobo kuwa wataalamu walidanganya hawakuwatendea haki. Hidaya nacho kilidhoofika kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024.

Katibu asitazame jina la daraja pekee. Upepo wa kilomita 120 kwa saa hausukumi bati la ghala mara mbili ya ule wa kilomita 60, bali mara nne. Tena kimbunga dhaifu kikifika wakati maji ya bamvua yamejaa, chaweza kuwadhuru wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani kuliko chenye nguvu kinachofika maji yakiwa yametoka. Hivyo taarifa isomwe pamoja na hesabu ya mwezi, na kila taarifa mpya iandikwe saa yake, kwani ya jana yaweza kuwa imekwisha kubatilika. Magunia ya karafuu yainuliwe kutoka sakafuni na vyombo vipandishwe pwani mara onyo la kwanza litokapo, wakati magari na watu wa kusaidia wangali wanapatikana.