Video ya viazi: kwa nini mradi wa sayansi wa Gredi ya 8 ni siasa

UZI. Kila mdahalo ukifika kwa elimu, mmoja husema CBC ni mzigo kwa mzazi, mwingine husema watoto wetu lazima wawe wa kidijitali, halafu tunaenda matangazo. Hakuna anayeulizwa huo udijitali unafanyika wapi na kwa simu ya nani. Hebu tulifungue, bila kutaja mtu wala chama.

Nianze na kwetu. Dadangu mdogo yuko Gredi ya 8. Muhula uliopita walipewa mradi wa sayansi kuhusu osmosisi: kata kiazi, weka vipande vingine kwa maji ya chumvi na vingine kwa maji ya kawaida, piga picha kabla na baada, rekodi sauti ukieleza, kisha uunganishe yote yawe video ya dakika mbili.

Mradi mzuri, kusema kweli. Mtoto akishika kipande kimelegea na alazimike kueleza kwa sauti yake ni kwa nini, notisi za kukariri hazimsaidii. Ama anaelewa kwamba maji yametoka kwenye seli yakafuata chumvi, ama anababaika na kila mtu anasikia.

Shida ilianza jioni. Shuleni kwao simu ni marufuku kwa wanafunzi (shule nyingi ni hivyo, na sababu zipo). Nyumbani mama ana kabambe. Viazi vilikuwepo, chumvi ilikuwepo, kamera hakuna. Ikabidi wangoje nifike wikendi kutoka chuo. Mwenzake mmoja alipelekwa na babake kwa saiba, jamaa akamtengenezea video yenye muziki na maandishi yanayoruka. Hiyo ndiyo ilipigiwa makofi darasani. Nilimuuliza dadangu yule mwenzake alieleza nini kuhusu kiazi. "Alisoma tu karatasi."

Sasa hesabu. Alama ya mtoto ya kuingia Gredi ya 10 inajengwa hivi: KPSEA ya Gredi ya 6 asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, KJSEA ya Gredi ya 9 asilimia 60. Tusidanganyane, si kila video ya darasani inaingia kwa hiyo 20 ya katikati. Lakini kazi za vitendo na miradi imo humo, na kazi ikishasukumwa nyumbani, unampima mtoto pamoja na mfuko wa mzazi wake. Halafu alama hiyo ndiyo inasaidia kuamua ataenda shule gani.

Mtu akikuambia "tutaleta tableti", kumbuka tulikotoka. Ahadi ya laptopu ilitikisa kampeni za 2013. Vifaa vilianza kufika 2016, zaidi ya milioni moja, lakini kwa shule za msingi za umma na kwa madarasa ya chini. JSS ilianza Januari 2023, haikuwa kwenye hesabu hiyo. Ikawekwa ndani ya shule za msingi, ambazo nyingi hazikuwahi kuwa na maabara kwa sababu hazikuhitaji. Masomo yalipopunguzwa hadi 9 mwaka 2024, kompyuta nayo ikaacha kusimama kama somo lake na kuingizwa ndani ya lile la ufundi.

Nani wa kuulizwa? Hapa ndipo wapiga kura huzungushwa sana. Kikatiba kaunti zina shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Gavana au MCA akikuahidi maabara ya JSS, muulize ana makubaliano gani na serikali kuu. Mbunge anaweza kujenga maabara kwa NG-CDF, na yeye ndiye hupitisha bajeti, lakini kuajiri walimu ni kazi ya TSC. Fedha za serikali kwa mwanafunzi wa JSS zimewekwa Sh15,042 kwa mwaka. Swali la mbunge ni moja: zilifika zote shuleni kwetu, na zilifika lini?

Kuna kambi inayosema miradi ifutwe kabisa. Mimi sikubaliani nayo, na sababu niliiona shuleni kwa dadangu. Wazazi walilalamika kwenye mkutano, mwalimu akabadilisha mpango. Mradi uliofuata, wa aina za moto na namna ya kuuzima, ulifanywa darasani wote. Kila kikundi kilichora kwanza picha zake kwa karatasi, sanduku moja kwa kila tukio, na maneno ya kusema chini yake. Mwalimu alipitia karatasi zile kabla ya kutoa simu, kisha wakarekodi kwa zamu. Hakuna bando iliyotumika, maana kurekodi hakuhitaji intaneti. Maksi zilienda kwa maelezo. Muziki haukupewa hata moja.

Ila tazama vizuri: simu ilikuwa ya mwalimu, na chaji ni yake. Darasa likiwa na watoto 70, mpango huo unakwama. Kwa hivyo mdahalo ujao, mtu akisema "dijitali", muulize ni vifaa vingapi vitabaki ndani ya JSS ya wadi yako, vitafungiwa wapi usiku, na nani atavitengeneza vikiharibika. Akijibu kwa jumla ya nchi nzima, hajakujibu.

Uzi ujao ni wa basari. Nipeni wiki, nina CAT mbili.