Dhahabu, magogo na vito: Jinsi uhaba unavyoendesha vita katika michezo ya kompyuta

ANAYEMTAZAMA kijana akicheza mchezo wa vita kwenye kompyuta huona panga, majoka na moto. Asichokitambua upesi ni vibarua watano wanaoingia na kutoka mgodini pembezoni mwa skrini, kila mmoja akiwa na mzigo mdogo wa dhahabu. Mara nyingi ni vibarua hao, wala si majoka, wanaoamua nani ataibuka mshindi.

Michezo hii ya mikakati hujengwa juu ya ulimwengu wa kubuni wenye wachawi, majitu na wafu waliofufuka. Licha ya tofauti zake nyingi, karibu yote ina kanuni moja: hakuna jeshi la bure. Kila askari hununuliwa, kila jengo hulipiwa, na malipo yenyewe hutoka kwa rasilimali ambazo mchezaji hana budi kuzitafuta, kuzichimba na kuzilinda.

Kwa aliyezoea bao, fikra hii ina ugeni wake. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji ana kete 32, na kete hiyo hiyo ndiyo mali na ndiyo askari. Kwenye kompyuta, mali na askari ni vitu viwili mbalimbali. Kuigeuza dhahabu iwe askari huchukua muda, na mashindano yote yamo ndani ya muda huo.

Mfano mzuri ni Warcraft, mfululizo wa michezo ya kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani. Mchezo wa kwanza, uliotolewa 1994, ulikuwa na dhahabu na mbao. Wa pili, wa 1995, uliongeza mafuta yaliyochimbwa baharini, kwa sababu waundaji walitaka merikebu za kivita na hivyo ilibidi mchezaji apewe sababu ya kwenda majini. Mchezo wa tatu ulipotoka 2002, vita vya merikebu viliwekwa kando na mafuta yakatoweka pamoja navyo. Rasilimali isiyomlazimisha mchezaji kuchagua haina kazi mchezoni.

Dhahabu na mbao, kwa upande mwingine, zilibaki kwa kuwa kila moja ina tabia yake. Dhahabu hupatikana mahali pamoja, mgodini, na vibarua watano wanatosha kuuchimba mgodi kwa kasi yake yote. Kibarua wa sita haongezi chochote. Anayetaka pato kubwa zaidi hana njia ila kuondoka nyumbani na kuuteka mgodi wa pili, ambao kwa kawaida hulindwa na wanyama wakali na huwa mbali na ngome yake. Kwa kanuni hiyo moja tu, wachezaji hutolewa katika kuta zao na kukutanishwa njiani.

Mbao nazo zimetapakaa kila mahali, ila huja polepole. Isitoshe, msitu katika mchezo huu ni ukuta. Mchezaji anayekata miti nyuma ya nyumba yake bila kufikiri aweza kugundua, akiwa amechelewa, kwamba amemfungulia adui mlango wa nyuma.

Hata jamii zinazopigana hazivuni kwa namna moja. Jamii ya msituni huvuna mbao bila kuangusha mti hata mmoja. Wafu waliofufuka hukatiwa mbao na mazimwi, na mazimwi hao hao ni askari wa mstari wa mbele. Anayewapeleka vitani hukosa mbao. Anayewaacha msituni hukosa jeshi.

Kodi ya jeshi kubwa

Lakini kanuni iliyoupa mchezo huo sura yake ni ile inayohusu chakula. Kila askari na kila kibarua huhesabiwa kwa kiasi cha chakula anachokula. Kibarua hula kimoja, askari wa kawaida wa miguu hula viwili, na shujaa anayeongoza jeshi hula vitano.

Katika toleo la nyongeza la 2003, The Frozen Throne, jumla hiyo haiwezi kupita 100. Ikiwa haijazidi 50, kila mzigo wa dhahabu unaofika nyumbani huhesabiwa kuwa vipande 10. Ikizidi 50, mzigo ule ule huhesabiwa kuwa vipande 7. Ikizidi 80, mchezaji hupata vipande 4 tu. Uchungu zaidi ni kwamba mgodi wenyewe hupungukiwa na vipande 10 kila mara. Vile vingine hupotea, na mgodi hukauka kwa kasi ile ile.

Chukua wachezaji wawili wanaolingana kwa ustadi. Wa kwanza anasimama kwenye 50, anaweka akiba na kunoa silaha za askari wachache alio nao. Wa pili anapanda hadi 80. Kwa macho, wa pili ndiye mwenye nguvu, na kwa hakika, wakikutana uwanjani wakati huo huo, huenda akashinda. Lakini kila dakika anayokaa bila kupigana inamgharimu sehemu tatu katika kumi za pato lake. Hana nafasi ya kungoja. Ni lazima ashambulie, na shambulio hilo lifanikiwe. Likishindikana, amepoteza askari na hana akiba ya kuwarudisha, ilhali mwenzake ana hazina iliyojaa.

Kanuni hii ina ukatili wake, na wapo wachezaji walioilalamikia. Mtu anatozwa faini kwa kufanikiwa kujenga jeshi! Hata hivyo, bila ya faini hiyo mchezo wa namna hii hugeuka mashindano ya subira, ambapo kila mmoja hujifungia ngomeni, hujaza skrini askari, kisha hutoka mara moja kwa pambano moja la mwisho. Kodi ya chakula huifanya hatua ya kuvuka 50 kuwa uamuzi mzito, na wachezaji hodari huuchelewesha hadi wawe na hakika wanajua watakwenda wapi na jeshi hilo.

Ikumbukwe pia kwamba kibarua naye yumo katika hesabu. Anayeongeza vibarua ili atajirike huyasogeza majeshi yake karibu na mpaka wa kodi kabla hajapata askari wa kutosha.

Madini saba, soko moja

Heroes of Might and Magic III, mchezo wa 1999 wa kampuni ya New World Computing, uliufuata mkondo mwingine. Humo hakuna haraka. Wachezaji hupokezana zamu, na kila zamu ni siku moja. Rasilimali ni saba: dhahabu, mbao, mawe ya madini, zebaki, salfa, fuwele na vito. Mgodi wa dhahabu hutoa vipande 1,000 kwa siku, mbao na mawe hutoka mbili mbili, na zile nne adimu hutoka moja moja.

Kwa mtazamo wa kwanza, saba ni nyingi mno. Mantiki yake huonekana pale mchezaji anapotaka kuajiri viumbe wakuu. Malaika mmoja hugharimu dhahabu 3,000 na kito kimoja. Joka jekundu linataka dhahabu 2,500 na salfa moja, na joka la kijani dhahabu 2,400 na fuwele moja. Kwa hiyo thamani ya mgodi inategemea nani anautazama. Anayeishi kwenye mji wa malaika aweza kupita kando ya mgodi wa salfa bila kuugusa, iwapo hajui kwamba jirani yake ana mji wa majoka mekundu. Akijua, atauteka hata kama yeye mwenyewe haihitaji salfa ile kwa wingi.

Soko lipo, na mchezaji aweza kubadilisha madini moja kwa jingine, lakini mwenye soko moja hupunjwa vibaya. Bei hupata nafuu kadiri anavyomiliki masoko mengi katika miji mingi. Kwa maneno mengine, aliye maskini hununua ghali.

Juu ya hayo yote kuna rasilimali ambayo haimo katika orodha ya saba, nayo ni siku. Kila mji huruhusiwa kujenga jengo moja tu kwa siku, na viumbe wapya huzaliwa mwanzoni mwa kila wiki. Tajiri mwenye madini yote hawezi kuinunua Jumatatu ije mapema.

Muda unapouzwa

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa na michezo ya kizazi cha simu. Clash of Clans, uliotolewa 2012 na kampuni ya Supercell ya Finland, unafuata mantiki ile ile kwa juu juu. Kuna dhahabu, kuna maji ya kichawi, maghala yana kikomo, na hazina isiyotumiwa huporwa na wachezaji wengine mwenyewe akiwa amelala. Kuna pia wajenzi, wawili tu mwanzoni, na kazi zao hukua kutoka dakika chache hadi siku nyingi.

Kisha kuna vito vya kijani. Mchezaji hupata vichache kwa kufyeka vichaka kijijini mwake au kwa kutimiza majukumu fulani. Anayevitaka kwa wingi huvinunua kwa pesa halisi. Kazi ya vito hivyo ni kumaliza papo hapo kile ambacho kingechukua muda. Mjenzi wa tatu naye hupatikana kwa vito.

Katika Warcraft, uhaba uliwakabili wachezaji wote kwa usawa, na njia pekee ya kutoka ilikuwa kucheza vizuri zaidi. Kwenye simu, kampuni inayopanga urefu wa kungoja ndiyo hiyo hiyo inayouza namna ya kutongoja. Mzazi anayeshangaa kwa nini mwanawe anaomba pesa kwa ajili ya mchezo unaodaiwa kuwa wa bure atapata jibu lake hapo.

Kwa haki, baadhi ya vizuizi vimelegezwa. Mnamo 2022 gharama ya kuandaa jeshi katika Clash of Clans iliondolewa, na mwaka wa 2025 muda wa kusubiri jeshi liwe tayari nao ukafutwa. Wajenzi hawakuguswa na mabadiliko hayo. Ukuta wa ngome bado hulipiwa, mnara mkubwa bado huchukua siku kadhaa kukamilika, na kando ya saa inayohesabu kuna kitufe kinachotaja idadi ya vito.