Kazi ya Moyo Nayo ni Kazi

Tukisikia chuo kikuu kina ofisi ya usawa, tunadhani ni mambo ya makaratasi tu. Kumbe kuna kusikiliza anayelia, kumtuliza mkubwa aliyekasirika, na kumeza hasira yako ili mlango usifungwe. Sisi tunaotembelea familia Kariobangi na Umoja twaijua kazi hii: inachosha kuliko kubeba maji.

Lakini pia inafundisha. Miaka ya 1970, Wangari Maathai na Vertistine Mbaya, walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walidai wanawake wapate marupurupu sawa na wanaume. Ilidhaniwa mwanamke aliyeolewa atapewa nyumba na mumewe. Wao walijua dhana hiyo inaumiza wapi, maana iliwagusa wenyewe. Huo ni ujuzi, haupatikani kwenye faili.

Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi. Hata hivyo, sheria haisikilizi mtu. Mtu ndiye husikiliza. Basi, anayebeba kazi hii tusimwambie tu, "Wewe una roho nzuri, utaweza." Saa zake zihesabiwe, apate mwenzake wa kusaidiana, na aulizwe anachojua kabla kanuni hazijaandikwa.